Joka la resini, na kazi inayotangulia rangi

Kila nikiwaonyesha watu sanamu ndogo ya michezo ya mezani niliyoimaliza, swali la kwanza ni rangi. Bluu hiyo ni ipi? Umeichanganya na nini? Hakuna aliyewahi kuniuliza waya nilioutia ndani una unene gani, na hilo ndilo swali ambalo ningelijibu hata nikiamshwa usiku wa manane. Joka lililo mezani kwangu sasa, lenye mabawa yaliyotanuliwa na mpanda aliyeinua mkuki, lingeweza kuwa jekundu au la kijani na bado likapendeza. Bila waya begani, lingedondosha bawa katika mchezo wa kwanza tu, mara mtu akilipiga kikumbo akifuata dadu zake.

Kwa hiyo rangi imo humu, ila iko chini kabisa. Huku juu kuna sabuni, msumeno na vumbi.

Sanamu za plastiki ngumu hutoka kwenye kalibu za chuma, plastiki ikiwa imeyeyushwa na kusukumwa ndani kwa nguvu. Kalibu ya namna hiyo ni ghali, na gharama yake hurudi pale tu sanamu zinapouzwa kwa wingi. Resini ya kumimina haina makuu hayo. Vimiminika viwili huchanganywa, humwagwa kwenye kalibu ya silikoni, na muda si muda vimeshakuwa kitu kigumu. Silikoni hukunjika, hivyo huweza kuliachia umbo lenye mikunjo na mapango ambalo chuma kisingeliachia bila kulivunja. Ndiyo sababu karakana ya watu wawili watatu huweza kutoa zimwi lenye ndevu zinazohesabika unywele mmoja mmoja. Ndiyo sababu pia kalibu ikishatumika sana huanza kuchanika, na ncha za vitu hupoteza ukali.

Zamani maumbo magumu ya namna hii yalikuwa ya metali. Games Workshop ya Uingereza, iliyotoa toleo la kwanza la Warhammer, mchezo wa vita wa mezani, mwaka 1983, ilikaa na metali miaka mingi, na mwaka 2011 ikaanza kuhamishia sanamu zake nyingi kwenye resini iliyoiita Finecast. Aliyewahi kuunganisha joka la metali hahitaji kuelezwa nafuu ya resini ni nini: bawa la metali lina uzito wa kung'oa bega lake lenyewe. Resini ni nyepesi. Ila ni kavu. Upanga wa plastiki ukibanwa hupinda; wa resini hukatika kama njiti ya kiberiti.

Joka hili lilikuja kwenye mifuko ya nailoni: kiwiliwili cha nusu mbili, shingo, kichwa na taya yake, mabawa, miguu, mkia wa vipande viwili, tandiko, mpanda, na mkuki uliopinda. Mkuki huja umepinda siku zote. Kabla sijagusa kisu, huvitandaza vipande vyote juu ya kitambaa cheupe na kuvilinganisha na picha. Hapo ndipo pa kutafuta kilichopungua, kiputo kikubwa kilichokula kidole, au nusu mbili za kalibu zilizoteleza hata upande mmoja wa uso ukakaa juu kuliko mwenzake. Ukishakata na kupaka, muuzaji hana wajibu tena wa kukubadilishia, na ana haki.

Halafu kuosha. Kalibu za silikoni mara nyingi hupuliziwa mafuta ili kitu kitoke bila kung'ang'ania, na mafuta hayo hubaki juu ya resini bila kuonekana. Hayaonekani ila praima, ile rangi ya msingi inayopulizwa kabla ya nyingine zote, huyaona. Utapuliza praima vizuri, itakauka vizuri, kisha utashika bega la joka kwa kidole na rangi itatoka na kidole. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani wenye nywele laini, na chujio chini ya bomba kwa ajili ya mikono ya mpanda, ambayo haizidi ukubwa wa punje. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu ya moto yana kazi nyingine.

Kazi hiyo ni mkuki. Resini ya kumimina ikipata moto hulainika. Uzamishe mkuki kwenye maji ya moto kwa muda mfupi, unyooshe juu ya kigae kwa vidole, uutie kwenye maji baridi, umekaa. Mara nyingi hata huhitaji kuunyoosha: ukipata moto hujirudia wenyewe kwenye umbo lililomiminwa. Kwa sababu hiyo hiyo sanamu iliyonyooshwa isiachwe mahali penye joto kali, maana inaweza kuanza kulegea tena. Mkuki mrefu mwembamba kabisa mimi huutupa, nikaweka waya wa shaba mahali pake na kubakiza ncha ya resini tu. Wapo wanaoona huko ni kumharibia mchongaji kazi yake. Mimi naona mchongaji angependa mkuki wake uwe mzima mwaka ujao.

Sasa kukata. Vile vikonyo vinene ambamo resini iliingilia kwenye kalibu visikatwe kwa koleo karibu na sanamu. Koleo hubana, resini haipendi kubanwa, na ufa huingia mpaka ndani ya paja. Mimi hukata kwa msumeno mwembamba mbali kidogo na mwili, kisha naimaliza sehemu iliyobaki kwa tupa na msasa. Msasa uwe wa maji, namba 400 kisha 600, na uwe umelowa kweli. Vumbi la resini ni laini mno na halina kazi njema kwenye mapafu. Likilowa linakuwa tope na linabaki mezani. Hata hivyo huvaa barakoa ya kuzuia vumbi, ile inayobana usoni, si kitambaa.

Neno moja kwa wenye resini za kuchapishwa kwenye printa, maana siku hizi ni nyingi. Hiyo ni resini nyingine kabisa: hugandishwa kwa mwanga, tabaka baada ya tabaka, kila moja kwa kawaida likiwa na unene wa milimita 0.05 hivi. Haina mafuta ya kalibu wala mishono ya kalibu. Ina makovu ya nguzo zilizoishikilia na vimistari vya tabaka kwenye miteremko. Ikiwa mbichi inaudhi ngozi, na ngozi ikishaizoea vibaya mzio unaweza kukaa nawe maisha yote. Glavu za nitrili, kuoshwa kwa spiriti ya isopropili, kisha mwanga wa urujuanimno mpaka ikauke sawasawa. Ukinunua iliyochapishwa na mtu mwingine ukakuta inanata, usianze kuipaka. Irudishe kwenye mwanga kwanza.

Turudi kwenye joka. Mishono ya kalibu, ile mistari myembamba inayozunguka kila kipande, ndiyo inayomtambulisha mtu asiye na subira. Kwenye resini ya rangi ya kijivu au ya krimu huwezi kuiona ukitazama kwa mbele. Laza taa pembeni, mwanga upite juu ya kipande kwa mshazari, nayo itasimama yenyewe. Huikwangua kwa mgongo wa kisu, si kwa makali, nikivuta kuelekea upande mmoja. Kwenye magamba hufuata gamba moja moja na ni kazi ya kuchosha, sitadanganya. Kwenye pembe na mkia lazima. Kwenye tumbo, ambako hakuna atakayetazama mpaka joka liuawe na kulazwa ubavu, hupita haraka.

Na sasa waya.

Gundi ya plastiki, ile inayoyeyusha kingo mbili na kuzifanya kitu kimoja, haifanyi lolote kwa resini. Tunabaki na supaglu. Kemia yake ilijitokeza mwaka 1942, Harry Coover na wenzake wa Eastman Kodak walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Kile kitu kilinata kila mahali, wakakiacha. Miaka ilipita kabla hakijatazamwa tena, kikaingia sokoni mwaka 1958. Huganda kwa unyevu mdogo ulio hewani na juu ya vitu, ndiyo maana tone jembamba hushika papo hapo na tone kubwa hukaa bichi katikati hata uchoke kushikilia. Mtu anayemimina supaglu nyingi ili kiungo kiwe imara anafanya kinyume chake.

Tena ina udhaifu wake. Ukivuta vitu viwili vilivyogandishwa moja kwa moja kutengana, inakaza. Ukivigonga kwa ubavu, inaachia kwa mlio mdogo. Bawa la joka hugongwa kwa ubavu maisha yake yote. Waya unaopita kutoka bawani hadi begani ndio unaopokea pigo hilo, gundi ikabaki na kazi ya kuzuia visitengane.

Mimi hutumia keekee ya mkono, ile ndogo unayoizungusha kwa vidole. Ya umeme huenda mbio, hupasha resini joto, na tundu hutoka kubwa kuliko ulivyotaka. Mikono ya mpanda na shingo ya kitu kidogo: milimita 1, na klipu ya karatasi iliyonyooshwa inatosha. Mabawa, shingo ya joka na mguu unaobeba mwili: milimita 2, waya wa shaba. Kina ni milimita 10 pale nyama ya resini inaporuhusu, na huzungushia kipande cha utepe kwenye ncha ya keekee kuonyesha mahali pa kukomea. Bila alama hiyo utatokea upande wa pili, katikati ya magamba uliyoyasafisha kwa saa nzima.

Tatizo linalowakatisha watu tamaa ni matundu mawili kutokutazamana. Dawa yake ni rahisi. Toboa upande mmoja tu. Tia tone dogo la rangi ukingoni mwa tundu, kutanisha vipande kama vitakavyokaa, tenganisha: rangi imekuonyesha mahali pa kutoboa upande wa pili. Tundu la pili litoboe kubwa kidogo kuliko waya, uwe na nafasi ya kusogeza kabla gundi haijashika. Na ujaribishe kila kitu bila gundi kwanza. Mimi hulisimamisha joka zima kwa waya mitupu, bila tone la gundi, nikalizunguka nikitazama kama bega moja limepanda.

Mianya inayobaki huzibwa kwa puti ya epoksi, ile ya bluu na njano ambayo ukiikanda kwa vidole vilivyolowa hugeuka kijani. Ikija katika utepe, rangi mbili zikiwa zimegusana, kata utupe ule ukanda wa katikati, kwa sababu hapo ilishaanza kukauka na itakuachia punje ngumu. Njano ikizidi kidogo puti inakuwa laini na ya kunata. Bluu ikizidi inakuwa ngumu na inashika ncha kali. Una saa moja na zaidi ya kuichezea kabla haijakataa. Shingoni niliijaza, nikaisawazisha kwa chombo kilicholowa maji, kisha nikachora magamba juu yake kwa kibomba chembamba kilichokatwa nusu: kila ukikikandamiza kinaacha upinde mmoja. Upinde juu ya upinde, na mshono wa shingo ukapotea. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote, kuliko hata kupaka, na najua ni wachache tunaosema hivyo.

Jambo la mwisho kabla ya praima ni kuamua kisichounganishwa. Mpanda hukaa peke yake kwenye kifuniko cha chupa, ameshikiliwa na waya wa unyayoni au wa kiunoni. Mabawa peke yake. Ukiyaunganisha mapema, brashi haitafika chini ya bawa wala mgongoni nyuma ya tandiko. Sehemu zitakazogusana huzifunika kwa utepe ili zibaki resini tupu, maana ukigundisha rangi juu ya rangi, gundi imeshika ngozi na siyo mwili.

Praima nyeusi kwanza, ya mkebe, kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa mipulizo mifupi inayoanzia nje ya sanamu na kuishia nje ya sanamu. Ukisimama mbali mno siku ya joto, rangi hukauka ikiwa hewani na kutua ikiwa chembe chembe. Hutaweza kuiondoa bila kuosha kila kitu. Nyeusi ikikauka, mpulizo mwepesi wa nyeupe kutoka juu tu, mahali ambapo jua lingekaa. Hapo joka linaonekana limeshapata mwanga na kivuli bila rangi yoyote. Lipige picha hapo hapo. Utakapopotea baadaye, usijue gamba gani liwe jeupe zaidi, picha hiyo itakujibu.

Haya, rangi.

Napaka kwa ajili ya meza, si kwa ajili ya kamera. Mchezaji mwenzangu atalitazama joka hili kutoka umbali wa mkono uliokunjuka, mara nyingi akiwa amesimama. Kwa umbali huo, mabadiliko laini ya bluu kwenda bluu nyingine hayaonekani. Kinachoonekana ni giza lililo giza na nuru iliyo nuru. Kwa hiyo huzidisha. Vivuli vya tumboni vilikwenda karibu na weusi, na kingo za magamba ya mgongoni zilikaribia weupe, na ukilishika mkononi unaona nimetia chumvi. Lirudishe mezani na linakaa sawa.

Magamba yalianza na bluu nzito. Juu yake nikapitisha rangi nyepesi ya kivuli, ile ya maji maji inayotiririka kwenye mitaro, kisha brashi kavu: brashi pana iliyofutwa kwenye kitambaa mpaka karibu haina rangi, ikipitishwa juu juu tu. Wapo wanaoidharau brashi kavu kwa sababu ni mbinu ya wanaoanza. Magamba yalichongwa kwa ajili yake. Ninapoachana nayo ni kwenye ngozi laini na nguo, ambako huacha vumbi vumbi.

Utando wa mabawa ni mgumu zaidi, na hapa nilikwenda polepole. Bluu ya mwili nimeipa mwenzake wa upande wa pili wa gurudumu la rangi: chungwa iliyokolea, inayofifia kuelekea ukingoni hadi hudhurungi. Rangi ya maji maji hutafuta mahali pa chini, kwa hiyo bawa likisimama wima utapata dimbwi lenye mpaka mkavu kwenye kila kona. Lilaze. Paka tabaka jembamba, vuta brashi kuelekea mahali unapotaka giza, kwa sababu rangi hubaki nyingi pale brashi inapoinuliwa. Acha likauke kabisa. Rudia. Tabaka moja halionyeshi chochote na ndivyo inavyotakiwa. Ukiona mabadiliko kwenye tabaka la kwanza, maji ni machache.

Rangi huiweka kwenye sahani yenye unyevu: kibweta bapa, sifongo iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea. Rangi ya akriliki haikauki humo hata ukienda ukarudi. Kuhusu brashi nina msimamo, na sitaki kubishana. Namba 1 au 2 yenye ncha nzuri inashinda zile ndogo za sufuri tatu, kwa kuwa kitone cha rangi kwenye brashi ndogo hukauka kabla hakijafika usoni. Nzuri ni za manyoya ya kolinski, yaani ya mkia wa kicheche wa Siberia. Winsor & Newton walizitengeneza zao za Series 7 mwaka 1866 kwa ajili ya Malkia Victoria, aliyependa namba 7, na kutoka hapo likabaki jina. Ukiinunua, rangi isipande mpaka kwenye chuma, na isilale ndani ya kikombe cha maji kwa kichwa.

Mpanda nilimpitia haraka. Uso, mkono, mkuki, basi. Macho yake ni vivuli viwili chini ya kofia ya chuma, na kwa umbali wa meza huwezi kusema kwamba hayako. Kama ungependa kuyachora, weusi kwanza, kisha krimu, siyo nyeupe tupu, kisha mstari wa wima badala ya nukta. Nukta humfanya kila shujaa aonekane ameona nyoka.

Vanishi ni mbili. Ya kung'aa kwanza, kwa kuwa ni ngumu zaidi na joka litashikwashikwa. Isiyong'aa juu yake, siku kavu, maana unyevu hewani unaweza kuigeuza ukungu mweupe juu ya kazi yote. Baada ya hapo kucha, ulimi na macho ya joka hurudishiwa ya kung'aa kwa brashi.

Kitako ni gome la mti, yaani koki, lililovunjwa kwa mkono ili lionekane mwamba. Koki haishiki waya vizuri, kwa hiyo waya wa mguu unapita katikati yake mpaka kwenye plastiki ya kitako chenyewe. Mchanga, gundi nyeupe, hudhurungi, brashi kavu. Nusu saa.

Kilichobaki ni namna ya kulibeba, kwa sababu joka lenye mabawa wazi haliingii kwenye sanduku lolote la maana. Mabawa yangu hayakugundishwa. Kila bega lina sumaku ya neodimiamu ya milimita 5, na pembeni yake ule waya wa shaba, umegundishwa upande wa bawa na kuingia huru kwenye bega. Sumaku peke yake huzunguka, bawa likaning'inia kinyumenyume; waya peke yake huchomoka. Vikiwa pamoja, bawa linakaa, na likipigwa kwa nguvu linatoka badala ya kuvunjika. Kabla ya kugundisha, weka sumaku zako zote kwenye mnara mmoja na utie nukta ya rangi upande wa juu wa kila moja. Nukta itazame nje kwenye kila bega, na ifichwe ndani ya kila bawa, kwa kila joka utakalolitengeneza. Sumaku zilizozidi zifungie mbali na watoto, kwa sababu mbili zikimezwa huvutana ndani ya utumbo na hilo ni jambo la hospitali.

Joka la pili, la kijani, limeshaoshwa na linakauka. Matundu ya mabega yake nayapima kwa mabawa ya hili la bluu, ili siku yakihitajika yabadilishane.